Meza ya Fundi Silaha

Maisha yangu ya kazi nimeyamalizia kwenye meza ya fundi silaha, nikifungua, nikisafisha na kufunga tena bastola za watu, na hapa Nyamongo swali nililoulizwa kuliko jingine lolote ni hili: ipi ya kuaminika, ya zamani au ya kisasa? Wanaouliza ni mnunuzi wa dhahabu anayesafiri na fedha taslimu kati ya Nyangoto na Tarime mjini, mwenye duka la jumla, na mfugaji aliyeachiwa rivolva na mzee wake pamoja na ng'ombe, naye hajui bado kwamba leseni hairithiwi. Nimeshikilia kwa miaka mingi kwamba swali hilo huulizwa nusu. Kuaminika kwa bastola kuna pande mbili: ilie pale mwenyewe anapotaka ilie, na isilie pale asipotaka. Karibu kila mtu hupima upande wa kwanza tu, na kwa upande huo bastola za zamani na za sasa hazijapishana sana. Zimeachana mbali kwenye upande wa pili, na upande huo ndio unaoamua kama mtoto wa nyumba ataishi.

Kuna sababu watu wa huku hupima upande mmoja. Kipimo chetu cha silaha ni SMG, bunduki ambayo wengine duniani huiita AK-47. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 silaha za namna hiyo zilifika Ukurya na kuingia kwenye wizi wa mifugo, na kizazi kizima kikakua kikisikia kwamba bunduki nzuri ni ile isiyogoma hata ikizikwa kwenye tope la Mto Mara. Sifa hiyo ina msingi. SMG imeundwa kwa vyuma vyenye nafasi kubwa kati yake, na gesi ya risasi huisukuma mitambo yake kwa nguvu nyingi, hivyo uchafu kidogo hauisimamishi. Bastola haina anasa hiyo. Ni ndogo, risasi yake ina nguvu ndogo, na mitambo yake hurudi nyuma na mbele kwa springi fupi ndani ya nafasi finyu. Anayeitunza bastola kwa imani ya SMG anaidai kitu ambacho haikuumbwa nacho, na ikigoma hulaumu umri wake.

Umri hauna hatia hiyo. Mwezi Machi 1911 jeshi la Marekani lilishindanisha bastola mbili kwa risasi 6,000 kila moja, na zilipopata moto zilitumbukizwa kwenye maji ili zipoe. Ile ya Colt, iliyobuniwa na John Browning, ilimaliza bila kugoma hata mara moja. Mshindani wake, Savage, aligoma mara 37. Hiyo ni zaidi ya karne moja iliyopita. Browning Hi-Power, iliyotoka kiwandani Ubelgiji mwaka 1935, ilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza tangu mwaka 1954 mpaka ilipoanza kupokewa na Glock mwaka 2013. Jeshi halibebi kwa miaka karibu sitini chombo kisicholia. Kwa hiyo anayeniambia bastola ya zamani haiaminiki kwa sababu tu ni ya zamani, kumbukumbu zinampinga. Kinachoifanya bastola igome, kwa kazi niliyoifanya, ni risasi mbovu, midomo ya magazini iliyopinda, springi iliyochoka na kutu, na hayo manne hayaulizi mwaka wa kutengenezwa.

Hapo kwenye kutu ndipo Nyamongo inapoanza kutofautisha. Barabara zetu ni za vumbi jekundu, malori na pikipiki hulirusha mchana kutwa, kisha masika huja na unyevu unaopanda kutoka bonde la Mto Tigithe. Bastola inayobebwa kiunoni hula jasho lenye chumvi kila siku. Mwenyewe akiona kutu huipaka mafuta mengi, na mafuta mengi hukamata vumbi, vikawa uji unaosaga chuma kama msasa. Ongeza na risasi za akiba za zamani, hasa za mtindo wa Kisovieti: fataki zake, zikishalipuka, huacha chumvi ndani ya mtutu, nayo huvuta maji ya hewani na kuanza kula chuma ndani ya saa chache. Mafuta hayaiondoi chumvi hiyo. Huondolewa kwa maji, ya moto yakipatikana, ndipo mtutu ukaushwe na kupakwa mafuta kidogo. Nimefundisha jambo hili kuliko lolote jingine, na bado watu huona ni wazimu kutia maji ndani ya bastola. Bastola ya kisasa humsamehe mzembe zaidi: fremu yake ni plastiki ngumu isiyojua kutu, na chuma chake kimetiwa naitrojeni juu kikawa kigumu na kisicholiwa upesi na kutu. Huo ni ubora wa kweli, nami naukubali. Lakini unamfaa mzembe, na aliye makini na bastola ya mwaka 1935 hazidiwi sana na mwenye ya kisasa.

Wazee wa kazi hii hunipinga kutoka upande mwingine. Husema chuma cha zamani kilifuliwa, kikapigwa tupa kwa mkono wa fundi mpaka kikakaa, ilhali za leo humwagwa kwenye kalibu kama ndoo za plastiki. Ninaiheshimu kazi ya mkono, lakini hoja hiyo ina shimo. Bastola mbovu zilizotengenezwa miaka ya hamsini hatuzioni tena. Zilipasuka, ziligoma, zikatupwa au kuyeyushwa. Zilizofika mezani kwetu ni zile zilizokuwa bora tangu mwanzo, halafu tunazitumia kuhukumu kizazi chote. Zaidi ya hayo, kilichopigwa tupa kwa mkono hakibadilishiki kirahisi. Springi au pini ikivunjika, ya kwenye sanduku huenda isikae, na huku kwetu kupata kipuri cha rivolva ya Webley ni kama kutafuta maziwa ya kuku. Glock 17, iliyoingia jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya themanini, ina vipande vipatavyo 34 tu, na kipande cha moja hukaa kwenye nyingine. Kwa fundi aliye mbali na kiwanda, huo ni uaminifu wa aina ambayo muuzaji haitaji.

Rivolva inastahili maneno yake, kwa sababu ndiyo silaha ya mtu asiyefanya mazoezi, na wengi hapa hawafanyi. Sifa yake kubwa ni kwamba risasi moja ikikataa, ukivuta triga tena silinda huleta nyingine. Bastola ya magazini humtaka mwenyewe aikoki upya, na mtu aliyeshikwa na hofu husahau. Rivolva haina magazini ya kupinda midomo. Inaweza kukaa mwaka mzima imejazwa bila springi yake kuu kubanwa. Ila watu huvuka mpaka wanaposema rivolva haigomi. Punje za baruti ambazo hazikuungua zikiingia chini ya kile kinyota kinachotoa maganda, silinda hukaa juu kidogo na kukwama. Kijino kinachoizungusha kikiisha, tundu la silinda halilingani tena na mtutu, na risasi hutoka ikiwa imenyolewa upande. Bastola ikigoma, aliyefunzwa huiamsha kwa sekunde mbili. Rivolva ikigoma imegoma kabisa, hiyo ni kazi ya bisibisi mezani. Na kuhusu springi ya magazini, ambayo wengi huitoa risasi kila jioni ili ipumzike, chuma kizuri hakichoshwi na kubanwa kwa kukaa tu, huchoshwa na kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Wanaoipumzisha kila jioni ndio wanaoichosha.

Sasa upande wa pili, ule usioulizwa. Rivolva ya Colt ya mwaka 1873 ilikuwa na matundu sita, lakini wabebaji wenye akili walijaza matano, kwa sababu nyundo ililala juu ya fataki na kuidondosha kungetosha kuilipua. Mwaka 1944 baharia wa Marekani aliuawa na rivolva ya Smith & Wesson iliyodondoka ikiwa imejazwa, na kiwanda kikalazimika kuongeza kizuizi kipya cha nyundo. Tokarev ya Kisovieti, ambayo nakala zake za Kichina zimeenea katika vita vingi vya Afrika, ilitoka bila sefti ya kawaida. Ilitegemea tu nyundo kukamatwa nusu njia. Hulia vizuri sana, na kwa kipimo cha watu wengi ni bastola ya kuaminika. Kwangu mimi bastola isiyoweza kubebwa bila hofu ikiwa na risasi chemba imekosa nusu ya kazi yake. Makarov iliyoipokea mwaka 1951 ilikuja na sefti inayoshusha nyundo bila kuigusa pini, na Glock ikafunga pini yenyewe kwa kizuizi kisichoachia mpaka triga ivutwe. Hizi ndizo hatua kubwa za bastola tangu 1911.

Pingamizi hapa ni halali, nami silikwepi. Glock haina sefti ya kidole, kwa hiyo kitambaa cha shati au kidole cha mtoto kikiivuta triga, inalia. Tena mwaka 2017 SIG Sauer P320, bastola iliyokuwa imetoka kuchaguliwa na jeshi la Marekani, ilionekana inaweza kulia ikidondoka kwa pembe fulani, na kiwanda kikajitolea kurekebisha zile za raia bila malipo. Basi upya peke yake si kinga. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo na kigumu zaidi: bastola ipimwe kwa kizuizi chake, si kwa mwaka wake, na mbebaji wake apimwe kwa mkoba anaoibebea. Bastola ya kisasa iliyochomekwa tu kwenye mkanda wa suruali, bila mkoba mgumu unaofunika triga, ni hatari kuliko rivolva ya babu yenye matundu matano yaliyojazwa.

Wapo wanaosema kuzungumza ubora wa bastola katika Nyamongo ni kukosa haya, mahali ambapo Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi kwenye mgodi. Nawaelewa, na neno risasi silitamki kirahisi katika vijiji hivi. Lakini silaha za leseni zipo majumbani, ziwe zinazungumzwa au la, na kunyamaza hakuzifungi sefti. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na leseni na aitunze silaha yake salama. Haimfundishi kuosha chumvi ya fataki wala kuijua nyundo iliyolala juu ya risasi. Kwa hiyo nampa shauri langu kila aliyeachiwa bastola ya zamani. Usiijaribu. Usiikoki hata uone kama inafanya kazi. Toa taarifa polisi wakwambie nani anaweza kuimiliki, kisha ipelekwe kwa fundi anayetambuliwa, naye umuulize kwanza kama inaweza kudondoka ikakaa kimya. Akijibu hapana, hiyo si bastola ya nyumbani, hata kama babu yako aliibeba maisha yake yote.