Daraja la Lufira na njia ya Sandoa

Nilikuwa nakwenda Sandoa kwenye kilio, na dereva aliyetupakia Lubumbashi alfajiri hakuwa mtu wa kusimama ovyo. Aliyemshinda ni abiria mmoja, mzee Mlunda aliyevaa koti zito juu ya joto lote lile. Tulipofika mto Lufira alimgusa bega. "Tusimame hapa pa kilalo, mwanangu. Miguu imeniisha."

"Sawa, papa. Dakika tano tu," dereva akasema, akaliweka gari kando, karibu na wanawake waliopanga samaki wakavu na magunia ya makala.

Nikashuka na mzee tukasogea hadi kwenye daraja. Malori ya shaba yalikuwa yakitoka upande wa Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, mabamba yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Kila lori lilipopita, mtetemo ulipanda kutoka sakafu ya daraja hadi magotini. Chini yetu mto ulikwenda zake taratibu kuelekea ziwa Tshangalele na bwawa la Mwadingusha. Nilitafuta kibao, jiwe, hata maandishi ya rangi ukutani. Sikuona kitu.

Lakini hapa ndipo Katanga ya Moise Tshombe ilipoonyesha nguvu zake, na hapa ndipo zilipomwishia. Tshombe alitangaza jimbo hilo kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wapatao 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wenzao walitoka Élisabethville, yaani Lubumbashi, kwenda kuwaokoa. Mara mbili walifika kwenye daraja hili, na mara mbili wajandarme, yaani askari wa Katanga, pamoja na mamluki waliwarudisha. Waliozingirwa wakaishiwa risasi na maji, wakajisalimisha. Aliyeshika daraja alikuwa ameushika mji.

Januari 1963 mambo yaligeuka. Wanajeshi wa India, chini ya Brigedia Reginald Noronha, walikuja kwa njia ileile. Safari hii wajandarme na mamluki hawakulilinda daraja. Walililipua, pamoja na daraja la reli, wakakimbilia magharibi. Wahindi wakavuka mto hivyohivyo, na tarehe 3 Januari wakaingia Jadotville. Tarehe 21 wakawa Kolwezi. Wakati huo Tshombe alikuwa ameshakubali kwamba Katanga yake imekwisha.

"Huyo Tshombe alikuwa mtu wa kwetu," mzee aliniambia tuliporudi garini. Kweli, Tshombe alizaliwa mwaka 1919 katika ukoo wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, ambaye makao yake ni Musumba, mbele ya Sandoa.

Tulipita Likasi tukalala Kolwezi. Kesho yake vumbi jekundu likaanza, likaingia hadi kwenye chupa ya maji. Nilidhani habari za daraja tumeziacha nyuma. Kumbe njia tuliyoifuata ndiyo waliyopita waliolilipua.

Wengi wao waliingia Angola. Huko, chini ya Nathaniel Mbumba, likazaliwa kundi la wapiganaji la FNLC. Tarehe 8 Machi 1977 lilivuka mpaka, likateka Dilolo, Kasaji, Sandoa, Kapanga na Mutshatsha. Rais Mobutu aliokolewa na wanajeshi wa Moroko walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Mei 1978 wapiganaji wa FNLC wakarudi tena, na safari hiyo walifika Kolwezi yenyewe, hadi makomando wa Ufaransa waliposhuka kwa miavuli.

Tulipovuka Mutshatsha mzee alifungua koti lake, akaanza kusema bila kuulizwa. Mwaka 1977 alikuwa mwanafunzi. Wapiganaji walipoingia, familia yake ilihamia shambani, ikala mihogo na majani yake. Hilo, alisema, halikuwa baya sana.

"Ubaya ulikuja na askari wa serikali waliporudi. Kijana yeyote wa Kilunda alikuwa muasi. Ukijibu, umekosa. Ukinyamaza, umekosa." Kaka yake alivuka kuingia Angola na maelfu ya wengine. Hakurudi.

"Wewe ulikuwa unatafuta jina la nani pale Lufira?" akaniuliza.

Nikamwambia nilitafuta lolote.

"Basi wakiandika, wasiandike ya wanajeshi peke yao."

Tuliingia Sandoa jua likizama juu ya mto Lulua. Kwenye kilio, wazee wa umri wake walikuwa wachache, na vijana waliowahudumia bukari hawakuwa na habari ya mwaka 1963 wala 1977.

Ireland imewakumbuka watu wake. Mwaka 2016 ilitoka filamu kuhusu kuzingirwa kwao, na mwaka 2017 serikali ikawapa nishani. Ni haki yao, walipigana. Ila filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini, wala haikuwa kazi yake kusimulia yaliyowapata watu wa Sandoa na Kapanga. Hiyo ni kazi yetu. Anayelipua daraja huondoka usiku uleule. Anayebaki ng'ambo ndiye hujibu maswali miaka na miaka.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa wakuu wa majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba. Wekeni kibao Lufira, kwa Kiswahili na Kifaransa: mwaka 1961, mwaka 1963, nani alilinda, nani alilipua, nani alivuka, na vita hivyo viliishia kwenye vijiji vya nani. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako yupo mzee aliyeyaona hayo, mkalie leo umuulize, kisha uandike anachosema.