Kabla ya Kukimbilia Dukani

Maisha yangu ya ufundi yamepita chini ya boneti za magari ya petroli yaliyokwisha kuchoka, hasa Toyota Corolla za miaka ya 1990, zile zenye distribyuta na injini ya 5A-FE. Bado nabishana na mafundi wenzangu juu ya jambo moja: gari likimisi na kukosa nguvu, usinunue chochote kabla ya kupima. Tunabadilisha plagi, kisha waya, kisha koili, mpaka pampu ya mafuta. Likifika mlimani linakohoa vilevile, na mwenye gari hana tena hela ya kutafuta ugonjwa wenyewe.

Mimi naanza na kompresheni, kwa sababu injini isiyobana haiponywi na spea ya umeme. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, pedeli ikanyagwe hadi chini, kisha stata izungushwe. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, natia oili kidogo na kupima tena: kipimo kikipanda nashuku ringi, kisipopanda nageukia valvu au gasketi. Plagi zenyewe nazipanga kwa namba kabla hazijafutwa. Ya hudhurungi haina neno. Yenye masizi makavu inasema mafuta yamezidi au cheche ni hafifu. Ile iliyo safi mno kuliko wenzake ndiyo inayonitia wasiwasi, maana huenda maji ya rejeta yanaingia ndani na kuiosha. Na oili iliyotuama shimoni, nje ya plagi, haihusiani na ringi. Sili za kava la juu zimekufa, na oili hiyo huozesha mpira wa waya mpaka umeme unavuja.

Wapo wanaosema plagi ni rahisi, tubadilishe tu tuone. Lakini plagi mpya huwaka hata kwenye silinda inayokula oili, mteja akaondoka ameridhika, nayo ikachafuka baadaye. Wengine huishika plagi kwenye bodi ya injini, wakaona cheche, wakaufunga mjadala wa umeme. Cheche hiyo inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na ukikanyaga mafuta inabanwa zaidi, hivyo umeme hutafuta ufa wa waya. Ndiyo maana gari hutulia likiwa saileni, bila kukanyagwa mafuta, likamisi mlimani. Tazama injini hiyo gizani ikinguruma, utaona vimulimuli vya buluu vikitambaa kwenye waya. Nao wanaotegemea kompyuta wajue kwamba mfumo wa magari haya husema sensa imekatika; silinda inayomisi hauitaji.

Gari lisilomisi ila limelegea tu lina njia yake: nakagua filta ya mafuta na kama bomba la moshi limeziba. Na kompresheni ikiwa imeshuka silinda zote nne kwa pamoja, nafungua kava la mkanda wa taiming nione kama mkanda umeruka, kabla ya kuzilaumu ringi.