Sikukuu na Jembe

Watu wengi hudhani kwamba siku za kungojea Krismasi ni siku za raha tupu: mwanafunzi amefunga shule, amevua sare, amerudi kwao, na kazi yake ni kuhesabu siku hadi tarehe 25. Huenda ndivyo ilivyo mahali pengine. Kwetu Singida sivyo. Sisi tuliozaliwa katika mkoa huu twajua kwamba Desemba ni mwezi wenye mabwana wawili, yaani sikukuu na jembe, na kila mmoja wao ataka mikono ile ile, fedha zile zile na siku zile zile. Nataka kuwaeleza wasomaji mambo yaliyotupata nyumbani likizo ya Desemba iliyopita, nilipokuwa nimemaliza kidato cha tatu, ili wenzetu waliotoka mikoa mingine wajue kwa nini sisi wa hapa hurudi shuleni Januari tukiwa na malengelenge mikononi.

Kwanza nieleze habari ya mvua. Mikoa ya pwani na ya kaskazini hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Singida, kama Dodoma na Tabora, hupata msimu mmoja tu, unaoanza Novemba na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo huanguka mvua ya milimita 500 hadi 800 hivi, na ikiisha hapana nyingine mpaka mwaka ufuatao. Tena mara nyingi mvua hukatika katikati ya msimu, hasa Februari, jua likawaka kana kwamba kiangazi kimerudi. Mmea uliopandwa mapema hulikuta jua hilo ukiwa na mizizi ya kutosha. Uliochelewa hukutwa ungali mchanga, ukanyauka. Basi siku chache za Desemba ndizo zinazoamua chakula cha mwaka mzima. Mtu asiyepanda uwele, mtama au alizeti yake wakati ardhi imelowa, hana wa kumdai siku hizo baadaye.

Taabu zangu zilianza siku ile ile ya kufunga shule. Kwetu ni wilaya ya Ikungi, nje kidogo ya barabara kuu iendayo Manyoni na Dodoma. Si mbali na mjini Singida, na hilo ndilo tatizo. Mabasi yapitayo hapo hutoka mbali na kwenda mbali, na karibu na sikukuu kondakta humtazama abiria wa karibu kama mtu aliyekuja kumharibia biashara. Nilisimama stendi tangu saa mbili asubuhi, na tranka langu, godoro langu na ndoo yangu. Basi la kwanza lilijaa. La pili kondakta akasema tranka lilipiwe kama mtu. Nikamwuliza, "Kaka, likilipa, litapata kiti?" Watu wakacheka, lakini gari likaondoka bila mimi. Nilifika nyumbani jioni nikiwa nyuma ya lori la magunia, nimekalia godoro langu mwenyewe, vumbi limenibadili rangi. Bibi alipotoka kunipokea, nami nikamwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nyumbani nilikuta orodha ya mambo ya sikukuu ikiwa imekwisha pangwa. Mdogo wangu wa kike alihitaji gauni. Mchele ulitakiwa, na sukari, na mafuta ya kupikia. Kaka yetu afanyaye kazi Dar es Salaam alikuwa amepiga simu kwamba angekuja na mkewe, kwa treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi. Treni hiyo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nayo imepunguza sana uchovu wa safari. Lakini kutoka Dodoma kuja kwetu mambo ni yale yale niliyoyaeleza. Naye baba alikuwa Manyoni kwenye kibarua, asingeweza kurudi ila usiku wa mkesha. Kwa hiyo mzigo wote wa nyumba ulikuwa juu ya mama.

Wasomaji wajua sifa ya kuku wa Singida. Husafirishwa kwa wingi hadi Dar es Salaam, na nyama yao husifiwa mijini kuwa ni ngumu kidogo lakini tamu. Watu wasiojua ni kwamba mfugaji mwenyewe hali kuku mara nyingi. Mama huwafuga kwa uangalifu. Kila baada ya miezi mitatu huwachanja ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, kwa kuwadondoshea tone moja la dawa jichoni. Ugonjwa huo ukiingia katika boma lisilochanjwa waweza kumaliza kuku wote kwa siku chache. Usiku huwakamata mmoja mmoja, nami huwashika, na kila mmoja hunikwaruza kama shukrani. Kisha Desemba inapofika, wachuuzi huja kwa pikipiki na matenga, nao huondoka nao. Sisi tunabaki na mlenda.

Mwaka huo mama aliuza kuku tisa. Fedha zile alizigawa mbele yetu juu ya mkeka, ili asilaumiwe na mtu: hizi za mbegu ya alizeti, hizi za madaftari na viatu vyangu vya kidato cha nne, hizi za mchele. Alibakiza jogoo mmoja mwekundu kwa ajili ya Krismasi. Jogoo yule alikuwa kama anajua, maana alianza kulala juu ya mti na kukataa kabisa kuingia bandani.

Gauni la mdogo wangu lilikuwa kwa fundi tangu mwanzo wa mwezi. Nilitumwa kulifuata. Fundi akasema, "Njoo kesho, mwanangu." Nilipokwenda kesho yake alikuwa amekata kitambaa, lakini hakushona. Nilipokwenda mara ya tatu nilikuta cherehani imefunikwa gunia na mlango umefungwa. Mashine ya kusaga nayo ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa na debe la mtama kichwani. Nilirudi nalo vile vile, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Katika mazoezi ya kwaya, sauti ya pili haikuwa na mtu hata mmoja, ikabidi sisi wa sauti ya tatu tuimbe tukijiitikia wenyewe.

Je, watu walikuwa wapi? Walikuwa mashambani. Mvua iliyongojewa tangu Novemba, ambayo ilikuwa imetunyunyizia mara mbili tu na kutuacha, ilianguka kwa nguvu usiku wa kuamkia tarehe 22. Ilinyesha mpaka alfajiri. Kulipokucha kijiji kizima kilikuwa kimeshika jembe. Fundi cherehani ni mkulima. Mwenye mashine ni mkulima. Wanakwaya wote ni wakulima, hata mwalimu wa kwaya. Udongo wetu ni wa kichanga. Hunywa maji upesi na kuyapoteza upesi. Mtu akingoja sikukuu ipite ndipo apande, atapanda katika vumbi.

Hapo ndipo palipokuwa na shida kubwa. Shamba letu la ekari tatu lilikuwa bado kulimwa, nasi hatuna ng'ombe. Tungelima kwa mkono, mimi, mama na wadogo zangu wawili, tusingemaliza hata ekari moja kabla ardhi haijakauka. Kukodi plau na maksai kulihitaji fedha, na mwenye maksai hutaka kulipwa kabla ya kufunga nira, maana siku hiyo kila mtu humhitaji. Mama aliitazama ile fedha ya mchele. Kisha alimtazama jogoo mti­ni. Jioni ile mchuuzi alipita tena na kutaja bei nzuri kuliko zote za mwezi huo, kwa sababu wateja wa mjini walikuwa wakingoja. Mdogo wangu wa kiume aliposikia alianza kulia, akasema kwamba kaka atatoka Dar es Salaam mpaka Ikungi aje kula mlenda. Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Mwanangu, Krismasi ni siku moja. Njaa ni mwaka."

Alikuwa amekwisha kata shauri kumwuza jogoo asubuhi. Lakini alfajiri ya tarehe 23 tulisikia kengele za ng'ombe nje. Alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, Mwislamu, pamoja na mwanawe na maksai wake wawili. Mama alitoka akamwambia kwamba hana fedha mkononi mpaka mchuuzi apite. Yule mzee akajibu, "Shemeji, nani amekuuliza fedha? Sikukuu yenu ni keshokutwa, yangu bado. Nitamalizia kwangu nyinyi mkiwa kanisani. Leteni mbegu." Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nikachote maji ya ng'ombe.

Tulilima siku mbili. Mwana wa jirani aliwaongoza maksai, mzee alishika plau, mama na mimi tulifuata nyuma tukidondosha mbegu, na wadogo walifukia kwa miguu. Mgongo wangu, uliozoea dawati, ulinilalamikia sana. Saa nane mchana wa tarehe 24 ekari mbili na zaidi zilikuwa zimepandwa, uwele na alizeti. Kipande kilichobaki, karibu nusu ekari, kilikuwa na mawe, na maksai walikuwa wamechoka. Tukakiacha mpaka baada ya mwaka mpya.

Usiku huo baba alifika kutoka Manyoni, na baada yake kidogo kaka na shemeji, wote wamelowa. Saa tatu fundi mwenyewe alileta gauni nyumbani, miguu yake ikiwa bado na matope ya shamba. Halikuwa na vifungo. Shemeji alikaa karibu na taa akavishona. Jogoo alishushwa mtini usiku wa manane na watu wanne, kwa ngazi na tochi, naye alipigana kwa heshima. Asubuhi tulikwenda kanisani, na sauti ya pili ilijaa, ingawa wengi walisinzia wakati wa mahubiri. Mchana tulikula wali na kuku. Sahani ya kwanza, kabla hata ya baba kunawa, ilipelekwa kwa jirani. Alikuwa shambani kwake, kama alivyosema, analima.

Nimefikiri sana juu ya mambo haya tangu kurudi shuleni. Huko Ulaya, ambako desturi nyingi za Krismasi tunazoziona katika picha zilitoka, Desemba ni mwezi wa baridi, mashamba yamelala, na mkulima ana nafasi ya kukaa karibu na moto. Kwetu sikukuu hiyo imeangukia katikati ya kazi, na hapana awezaye kuisogeza, wala hapana awezaye kuisogeza mvua. Ndiyo sababu ya zile taabu ndogo ndogo ambazo kila mwaka tunazinung'unikia: fundi hamalizi, mashine imefungwa, kwaya haina watu. Mtu akiziona moja moja atasema watu wa kijiji ni wavivu au hawana ahadi. Akiziona zote pamoja ataona kwamba kila mmoja yuko mahali anapotakiwa kuwa.

Kwa hiyo wenzangu wa bweni nawashauri mambo mawili. Tukifika nyumbani Desemba, tufanye ya sikukuu mapema, katika juma la kwanza, kabla mawingu hayajakusanyika; kitambaa kiende kwa fundi na nafaka iende mashineni. La pili, tusiende nyumbani kama wageni. Sisi ni mikono miwili zaidi, nayo huhesabiwa.

Mwezi wa Aprili mama alikuja kunitazama siku ya wazazi, nami nilimwuliza habari za shamba kabla ya kumwuliza habari za watu. Aliniambia kwamba Februari mvua ilikatika siku kumi na nane. Ile nusu ekari ya mawe iliyopandwa baada ya mwaka mpya imekufa yote. Ekari zilizolimwa kabla ya Krismasi zimesimama, uwele umetoa masuke na alizeti imeinamisha vichwa. Akaniambia pia kwamba mwezi wa Ramadhani uliangukia wakati wa palizi, na jirani yetu alikuwa akifunga. Basi mama na wadogo zangu walikwenda wakampalilia shamba lake lote, kuanzia asubuhi hadi mchana, kwa muda wa siku nne. Siku ya Idi sahani ya kwanza ya pilau ililetwa kwetu.