Redio ya Mama

Msomaji, ikiwa siku moja utatamani kununua chombo cha umeme katika nchi ya ng'ambo kwa sababu bei yake huko ni nafuu, nakuomba kwanza uniazime sikio. Sikusudii kukukataza. Nataka tu uyajue yaliyonipata mimi mwaka 2021, nilipomwagizia mama yangu redio ya kaseti kutoka Japani.

Mama anakaa Mombasa, na katika sanduku lake mna kanda arobaini au zaidi. Nyingi ni za taarabu, lakini moja ina sauti ya marehemu baba, aliyejirekodi mwaka 1984 akitusimulia hadithi sisi watoto wake. Redio ya zamani ilipoharibika kabisa, kanda ile ikawa bubu. Mama hakulalamika. Kila Ijumaa aliitoa, akaipangusa vumbi, akairudisha mahali pake, na kimya chake kilinichoma kuliko lawama.

Nilikwenda kwa muuzaji mmoja mjini. Akaniambia kwamba vyombo hivyo siku hizi ni adimu, ila angeweza kuniletea kimoja kipya kwa shilingi 34,000, pamoja na dhamana ya mwaka mmoja. Nilimwona mnyang'anyi. Mpwa wangu, aliyekuwa masomoni Tokyo, alikwisha kuniarifu kwamba chombo cha namna ile huuzwa huko kwa yeni 16,000, na wakati ule yeni moja ilikuwa karibu sawa na shilingi moja ya Kenya. Nikatoka dukani nikicheka moyoni, kama kwamba nimegundua siri ambayo wafanyabiashara wote wa Pwani hawakuwahi kuijua.

Nauli ilikuwa shilingi 8,500, na bima 500. Jumla ikawa 25,000, na cheko langu lilikuwa halijakoma. Lilikoma wiki tatu baadaye, nilipoitwa forodhani.

Hapa naomba utulie kidogo, maana hesabu yenyewe ina mtego. Nilidhani ushuru hutozwa juu ya bei ya dukani peke yake. Sivyo. Hutozwa juu ya bei, nauli na bima vikijumlishwa pamoja, yaani juu ya zile 25,000. Kwa viwango vya mwaka ule, ushuru wa redio ulikuwa asilimia 25, kiwango ambacho nchi za Afrika Mashariki ziliwekea bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa tangu umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005. Hiyo ni shilingi 6,250. Kisha ikaja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, nayo haihesabiwi juu ya 25,000, bali juu ya 31,250, kwa kuwa ushuru nao umekwisha kuingizwa ndani ya thamani. Maana yake ni kwamba unalipa kodi juu ya ushuru. Hiyo ni 5,000 kamili. Zikafuata ada ya tamko la uagizaji, asilimia 3.5, na ada ya maendeleo ya reli, asilimia 2. Jumla yake 1,375. Baadhi ya viwango hivyo vimebadilishwa tangu wakati ule, lakini namna ya kuhesabu ni ile ile. Mimi nilidaiwa shilingi 12,625.

Mwaka 1833, Seyyid Said alipofanya mkataba na Marekani, ushuru wa bidhaa za Wamarekani zilizoshushwa katika bandari zake uliwekwa kuwa asilimia 5. Nakiri kwamba siku ile nilimkumbuka Seyyid Said kwa mapenzi makubwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ninaloona haya kulisimulia. Mpwa wangu aliposikia deni lile aliniandikia hivi: "Mjomba, usijisumbue. Nitatengeneza ankara nyingine ya yeni 6,000." Nilipiga hesabu upesi, nikaona nitaokoa shilingi 5,050. Nilijiambia kwamba serikali haitafilisika kwa 5,050. Kwamba chombo ni cha mama mzee. Kwamba watu wote hufanya hivyo. Msomaji, ona jinsi sababu zinavyopatikana kwa wingi mtu anapozihitaji! Nilikuwa mwalimu kwa miaka ishirini na minane, na nimewaadhibu watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huo. Nikaipeleka ankara ile.

Afisa aliyenihudumia alikuwa kijana wa kike, mpole wa maneno. Alilifungua boksi mbele yangu. Ndani yake, chini ya karatasi ya maelezo, stakabadhi ya duka ilikuwa imelala salama: yeni 16,000.

"Mzee," akaniuliza, "hii nyingine imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikudhani kwamba yangu ingeishia kwenye meza ile, watu sita wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu. Alikuwa na uwezo wa kisheria wa kuizuia bidhaa na kunishitaki. Badala yake aliichukua ankara ya uongo, akaniambia nilipe yaliyo haki, akamwita mtu aliyefuata. Laiti angenikaripia!

Nililipa 12,625, na 1,500 za ghala kwa siku nilizozipoteza katika hila yangu. Jumla ikawa shilingi 39,125.

Hata hivyo sikuweza kuiwasha. Umeme wa nyumba za Japani ni volti 100, na wetu ni 240. Ningeichomeka ukutani ingeungua papo hapo, labda na kanda ya baba ndani yake. Ilinibidi nitafute transfoma ya kupunguza umeme. Unadhani niliipata kwa nani? Kwa muuzaji yule yule. Alinipokea kwa adabu, akaniuzia kwa 3,000, wala hakuniuliza neno.

Jioni ile sauti ya baba ilitoka, nyembamba kidogo, ikikwaruza mwanzoni. Mama alifumba macho mpaka hadithi ikaisha. Kisha akanitazama, akauliza redio ile imenigharimu kiasi gani.

"Elfu kumi na sita, Mama," nikamwambia.

Akasema ni rahisi mno, akaniomba nimwagizie dada yake moja kama ile.