Maua Niliyoyaua kwa Maji



Wengi wenu mnayakumbuka maua yaliyopangwa barazani, kwenye nyumba ya mapadre hapa Mingoyo. Majani yake hujipanga kwa mzunguko kama kikombe, na katikati, ukifika wakati wake, huchomoza ua jekundu lidumulo kwa miezi. Niliyanunua kwa wauza maua wa kando ya barabara Dar es Salaam, wala sikuuliza jina lake. Vilikuwa vyungu sita. Vimebaki viwili, na leo napenda kuwasimulia habari yake, kwa kuwa ndani yake nilimkosea mtu.

Mnaijua hali yetu ya maji. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Zikikoma mwezi Mei, twaweza kungoja mvua ya maana mpaka Novemba au Desemba. Katika kiangazi hicho nilimwagiza kijana atusaidiaye kazi za nyumba amwagilie maua asubuhi na jioni, mpaka udongo ulowe. Alitii. Majani ya chini yalipogeuka manjano, nikamwambia aongeze. Akina mama wanapanga foleni na ndoo zao, nasi tunanywesha vyungu! Siku moja nilishika jani la katikati. Likang'oka lote, shina lake la kahawia likinuka. Nikamkaripia kijana yule mbele ya wageni, nikimwita mvivu. Hakujibu neno. Akaokota ndoo yake, akaondoka.

Aliyenifumbua macho ni bibi jirani, Mmakonde aliyeolewa huku, mwenye shamba dogo la mananasi. Nilimwamkia shikamoo, naye kabla hajaketi akatia kidole udongoni.

"Marahaba. Padri, mwanangu, hili si nanasi hili? Mbona umelichimbia bwawa?"

Kumbe ni ndugu wa nanasi kweli. Jamii yake, iitwayo bromelia, ina aina zaidi ya 3,000, na asili yake ni Amerika. Ni aina moja tu iotayo porini nje ya bara lile, kwenye miamba ya Guinea, Afrika Magharibi. Nyingi huishi juu ya matawi ya miti pasipo udongo, na mizizi yake kazi yake kubwa ni kushikilia. Maji huyapata kwa majani, kwa maana yana magamba madogo mno yanayofyonza maji yaliyotuama kikombeni. Nanasi nalo hufunga vitundu vya majani yake mchana na kuvifungua usiku, ndiyo sababu hustahimili jua letu. Lakini udongo ukilowa daima, mizizi hukosa hewa, vimelea huingia, na moyo wa mmea huoza. Majani hulegea na kuwa manjano, na mtu asiyejua hudhani ni kiu. Mimi nilidhani hivyo.

Bibi akanifundisha kuyasoma majani. Jani jipya hutoka katikati. Likishakomaa halikui tena. Hivyo majani yaliyokua wakati wa ukame hubaki mafupi na membamba hata mvua zikirudi, na yanayofuata ndiyo hupanuka. Alikusanya majani ya mmea mmoja kwa mkono, akayasimamisha pamoja, akanionyesha lililopita mengine yote kwa urefu. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa mananasi nao hulitafuta jani hilohilo, tena kwa namna hiyohiyo, wapate kupima afya ya mmea. Yeye hakusoma kitabu chochote cha kilimo.

Utaratibu wake ni huu: maji kidogo kikombeni, na udongo uguswe kwanza; ukiwa na unyevu, uachwe. Maji ya mvua ndiyo bora, kwani ya kisima chenye chumvichumvi huacha madoa meupe. Kivuli kingi kikikutana na maji mengi, majani hurefuka, hulegea na kupoteza wekundu wake.

Jambo moja alilirudia mara tatu: maji ya kikombeni yamwagwe kila baada ya siku tano na kuwekwa mengine. Nilidhani ni usafi tu. Akanieleza kwamba alikuwa binti mdogo Newala ilipokuja homa ya mwaka 1952 na 1953, iliyowakunja watu viungo mpaka wakaipa jina la Kimakonde, chikungunya, linalotumika leo duniani kote. Uwanda ule ulikuwa na shida ya maji. Watu waliyahifadhi majumbani, na mbu wakazaliana humo. Mbu wa namna hiyo hueneza pia homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, nao hutosheka na maji machache tu. Nilipochungulia vikombe vya maua yangu, viluwiluwi walikuwa wakicheza humo.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa kijana yule. Nilimwomba radhi mbele ya wazazi wake, na Jumapili iliyofuata mbele ya wageni walewale. Mama yake alinipa chai, akasema mwanawe alikuwa amekwisha kumweleza kwamba udongo umelowa kupita kiasi, ila aliogopa kuniambia.

Sasa yeye ndiye mwenye kauli juu ya vyungu vile. Anatumia maji ya kikombe kimoja cha chai, na siku ya tano huviinamisha vyungu uani. Mmoja wa mimea miwili ulikwisha kutoa ua, nao hautatoa majani mapya. Umeacha chipukizi ubavuni. Juzi aliniita nikaone: chipukizi limetoa jani, jembamba, lenye urefu wa kidole.