Barua kutoka Werugha: nyigu naye ana njaa

Shangazi yangu mpendwa,

Nimefika salama na baridi ya huku nimeanza kuizoea. Uliniagiza nikuandikie habari za mboga, si za mandhari, kwa hiyo safari nitaipitia mbiombio: treni hadi Voi, kisha matatu kupita Mwatate penye mkonge usiokwisha, halafu barabara inaanza kujipinda kupanda mlima hadi Wundanyi, na kutoka hapo Werugha. Ukigeuka nyuma unaiona nyika ya Tsavo imelala chini, kavu na nyekundu. Mbele yako ni matuta ya ngazi, mifereji ya maji, migomba, mahindi, kabichi na sukuma wiki. Mboga nyingi tunazozikuta soko la Kongowea pale Mombasa zimeteremshwa kutoka milima hii ya Taita.

Mimi nilikuja kumtazama nyigu. Si yule mwekundu wa darini anayekimbizwa na moshi. Huyu ni mweusi, mwembamba, urefu wake haufiki hata upana wa ukucha wako, na mtu hamuumi. Wataalamu humwita Diadegma semiclausum. Kazi yake ni moja tu: kuwatafuta viwavi wa nondo mgongo-almasi, wale wa kijani wadogo wanaotoboa kabichi, ambao ukiwagusa hujipindapinda na kujiachia chini kwa uzi.

Nondo huyo ni msumbufu kwelikweli. Mwaka 1953 huko Java alikuwa mdudu wa kwanza wa mazao kurekodiwa akiwa sugu kwa DDT, na tangu hapo karibu kila dawa mpya iliyoletwa ameizoea, moja baada ya nyingine. Wazee wa hapa wanakumbuka miaka ambayo mtu alipiga dawa, wiki ijayo akapiga tena, akachanganya mbili, akachanganya tatu, na kabichi bado ikatoka na matundu. Wakati huohuo dawa zilikuwa zikiwaua waliokuwa wakimla nondo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: mkulima alikuwa analipa fedha yake kuwafukuza vibarua wake mwenyewe.

Nyigu huyu ametembea kuliko sisi sote katika ukoo. Asili yake ni Ulaya. Miaka ya 1930 alipelekwa New Zealand kutoka Uingereza, baadaye akapelekwa Indonesia, miaka ya 1980 akafika Taiwan, na mwaka 2001 akaletwa Kenya na icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, katika mradi uliosimamiwa na Bernhard Löhr. Walimweka karantini kwanza, wakahakikisha hatageukia wadudu wengine, kisha mwaka 2002 wakamwachia huru hapahapa Werugha. Kabla yake mche mmoja wa kabichi ulikuwa na viwavi zaidi ya watano kwa wastani. Miaka mitatu baadaye hawakufika hata mmoja.

Mwenyeji wangu, mama mmoja mwenye konde la matuta manne, alinionyesha namna ya kuwatambua. Jike humchoma kiwavi na kutaga yai ndani yake. Kiwavi huendelea kula kama kawaida, hajui kwamba naye analiwa kwa ndani. Anafikia umri wake, anajisokotea kifuko cha nyuzi chini ya jani, na hapo ndipo mtoto wa nyigu anammaliza na kusokota kifuko chake mwenyewe ndani ya kile cha kwanza. Ukipekua majani, kifuko chepesi kama wavu, unachoona kijani ndani yake, ni cha nondo. Kilichozibwa, cha kahawia, umbo la pipa dogo, ni cha nyigu, na hicho usikibandue. Nilipekua jani baada ya jani mpaka kiuno kikalalamika, na mapipa yalikuwa mengi.

Sasa shangazi, nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mtoto wa nyigu anakula kiwavi, lakini nyigu mkubwa hali kiwavi. Anakunywa mbochi ya maua. Asipopata kitu kitamu hufa katika siku chache, mayai yakiwa bado tumboni. Akipata, huishi wiki kadhaa na kutaga mengi zaidi. Na ulimi wake ni mfupi. Ua refu lenye shimo la kina, hata likipendeza vipi, halimfai. Anataka ua dogo lililo wazi, kama la kotmiri, ambayo hapa wanaiita dania, au la shamari. Ndiyo maana yule mama haing'oi dania yote. Anavuna majani, na mstari mmoja ukingoni anauacha uchanue mpaka uzae mbegu. Mchana, jua likishapanda, mstari ule mweupe unavuma wadudu.

Ukingo wenyewe kaupangilia kwa akili. Kwenye kingo za matuta kuna majani ya nepia anayomkatia ng'ombe, ila hayakati yote siku moja. Anakata upande huu, wiki zijazo upande wa pili, ili buibui na mbawakawa wawe na pa kuhamia. Kuna mahindi pia, na juu yake vidukari. Mimi nilishtuka, yeye akatulia: vidukari wa mahindi hawali kabichi, bali wanamlisha mdudu kobe, yule mwekundu wa madoa meusi, mpaka siku vidukari wa sukuma watakapotokea, naye awe tayari yuko jirani. Sijawahi kusikia hoja ya kilimo iliyonifurahisha kama hiyo.

Lakini si kila ua ni jema, na hapa nakuomba uwe makini kwa sababu nakujua unavyopenda maua. Nondo naye hunywa mbochi. Sukuma iliyozeeka ukiiacha ichanue, unamfuga yeye na vidukari pamoja. Ile ing'oe mara tu unapomaliza kuvuna. Bangi mwitu nayo wengi huku wanaisifu kwamba harufu yake hufukuza wadudu, nami sina ugomvi na harufu, ila harufu peke yake bila wadudu marafiki sioni kama itakutosha.

Najua utaniambia nikuletee nyigu. Siwezi, na hata ningeweza nisingefanya: kumhamisha mdudu ni kazi ya wenye karantini, na huyu anapenda milima yenye ubaridi. Joto la huko kwako Unguja halimfai. Kwa maeneo yenye joto icipe walitumia nyigu mwingine, Cotesia, kutoka Afrika Kusini. Lakini wewe tayari unao wadudu marafiki. Je, hukumbuki maji ya moto kwenye minazi ya babu? Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ndio wanaomfukuza kunguni anayefyonza vidaka na kuviangusha. Miaka ya 1950 mtaalamu aitwaye Way alilichunguza jambo hilo hapo hapo Zanzibar, na kunguni yule hadi leo ana jina lake.

Basi nenda kwenye kunde zako asubuhi na utazame kwenye vikonyo vya maua. Pale kunde hutoa utamu nje ya ua lenyewe. Sisimizi wanaujua na nyigu wadogo pia. Kisha geuza jani lenye vidukari. Ukiona waliovimba, rangi ya majani makavu, wengine wana tundu la mviringo mgongoni, ujue nyigu ameshapita. Ukiona kinyoo kidogo kisicho na miguu kinatambaa katikati yao, usikiponde. Huyo si kiwavi, ni mtoto wa inzi anayeelea hewani juu ya maua, na vidukari ndio chakula chake.

Yule kijana wa dukani anayekuhimiza upige dawa kila Ijumaa, mwambie asubiri. Kwanza hesabu, ndipo uamue. Viwavi wakizidi kweli, omba ile ya bakteria iitwayo Bt, inayomdhuru kiwavi anayekula jani na kumwacha nyigu, na upulize jioni kwa sababu jua huiharibu upesi. Hata hiyo usiizoeshe: huko Hawaii nondo huyu alishaonekana kuwa sugu kwayo.

Kotmiri usisubiri nirudi. Panda mistari miwili kando ya mabilinganya, na ya pili ichelewe wiki tatu, ili ya kwanza ikimaliza kuchanua nyingine iwe inaanza. Wasalimie wote nyumbani, na mwambie mjomba asifyeke ule upande wa kisimani kabla sijafika.

Wako akupendaye.