Mwezi Uliokawia

Liko jambo ambalo wasichana wengi hulijua na wachache hulisema. Mwili wa mwanamke una hesabu yake ya siku, nayo hesabu hiyo mara nyingine huvurugika. Siku iliyotazamiwa hupita, juma hupita, wala hedhi haiji. Msomaji wangu, ikiwa wewe ni msichana, huhitaji kuelezwa hofu inayofuata. Ikiwa wewe ni mvulana, usifunge kitabu. Mimba haifanywi na mtu mmoja, ingawa hofu yake aghalabu huachiwa mmoja.

Nilisoma katika shule ya bweni upande wa Nyeri, mahali ambapo asubuhi ya anga safi huonyesha theluji ya Mlima Kenya, na Julai huleta ukungu na baridi ya kufisha vidole ganzi. Katika bweni letu alikuwako msichana wa kidato cha pili aliyekosa siku zake miezi miwili mfululizo. Kama alikuwa na sababu ya kuogopa au hakuwa nayo, sikumwuliza, wala sioni hata leo kwamba ilikuwa haki yangu kuuliza. Niliona matendo yake tu. Aliacha uji wa asubuhi, akagawa githeri yake ya jioni, kwa kuwa alidhani tumbo lisilolishwa halitaonekana. Usiku hakulala. Minong'ono ilienea kutoka kitanda hadi kitanda, na mwenzetu mmoja, mwenye nia njema isiyo na elimu, akaahidi kumletea chupa ya dawa ya mizizi kutoka Karatina. Dawa ya namna hiyo, ambayo hakuna ajuaye kipimo chake, imepata kuua.

Chupa haikufika. Matroni wetu, mama wa maneno machache, alimwona akiyumba katika foleni ya chakula, akampeleka hospitalini mjini. Mkojo ulipimwa, na mimba haikuwako.

“Sasa mbona siku zangu zimenikimbia, Sista?” aliuliza.

Muuguzi alimpandisha juu ya mizani, akatazama namba, akasema, “Mwanangu, mwili wenye njaa haujitayarishi kulea mtoto. Nenda ukale.”

Aliponisimulia maneno hayo alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu muhula uanze.

Nimeyafikiri maneno yale mara nyingi, kwa sababu yamebeba elimu kubwa. Hedhi haiamriwi na tumbo peke yake. Amri huanzia ubongoni, hupita katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ndipo hufika kwenye vifuko vya mayai. Njaa, majonzi, ugonjwa, mazoezi makali na wasiwasi wa mtihani vyaweza kuinyamazisha amri hiyo. Tazama basi ukatili wa jambo hili: msichana huogopa kwa kuwa hedhi imekawia, na hofu hiyo, pamoja na kujinyima chakula, huikawiza zaidi.

Tena, katika miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mwili ungali ukijifunza kazi yake. Kwa mtu mzima, tangu siku ya kwanza ya hedhi moja hata siku ya kwanza ya nyingine, huhesabiwa siku 21 hadi 35. Kwa msichana mchanga zaweza kufika 45, naye akawa mzima kabisa. Ugonjwa wa tezi ya shingoni, au mayai yasiyokomaa kwa utaratibu, huweza pia kuivuruga hesabu. Hayo ni ya daktari kuyatafuta.

Lakini sitaki kukuliwaza kwa uongo. Ikiwa msichana amekutana na mwanamume, hedhi iliyokawia yaweza kuwa mimba, hata ikiwa ilikuwa mara moja tu, hata ikiwa matone machache ya damu yameonekana. Swali hilo halijibiwi kwa kujitazama tumbo katika kioo. Hujibiwa na mkojo. Katika miaka ya 1930 wanasayansi walimtumia chura jike wa Afrika Kusini, mwenye kucha miguuni. Alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai katika muda wa siku moja, mimba ilithibitika. Ndivyo vyura wa bara letu walivyosafirishwa hadi Ulaya ili wanawake wa huko wapate kujua hali zao. Mwaka 1967 Margaret Crane, msanii wa michoro wa Marekani, alibuni kipimo cha kutumiwa nyumbani. Leo kijiti kidogo chauzwa katika maduka ya dawa ya Nyeri, Nanyuki na Embu, nacho hujibu kwa dakika chache. Kikitumiwa mapema mno hukosea. Heri kungoja hedhi ikawie, au zipite siku 21 tangu tendo lenyewe, na penye shaka kupima tena baada ya juma.

Na jibu likiwa ndiyo? Wengi hudhani hapo dunia imefungwa. Tangu 1994 sera ya elimu ya Kenya humruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni, na miongozo ya 2020 ilieleza namna ya kumpokea. Mzazi atakasirika, hasira ya mzazi ina mwisho. Asiyeweza kumkabili baba na amwendee nyanya, ambaye vijijini kwetu amezoea kusikia yale ambayo mama hapendi kuyasikia. Aliyelazimishwa hana kosa, na afike hospitalini kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa za kukinga Ukimwi na mimba zina wakati wake.

Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, pamoja na damu na kizunguzungu, hayangojewi mapambazuko. Yamkini mimba imejishikiza nje ya mji wake. Hedhi iliyopotea miezi mitatu, au inayotoka zaidi ya siku 7, au inayolowesha sodo kila saa, ipelekwe kwa daktari. Naye, kabla ya kupima lolote, atauliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Wasichana wengi hujibu kwa kutazama dari. Kalamu ya risasi na kalenda ya ukutani, ile ambayo wenye maduka hugawa bure mwezi wa Desemba, vyatosha kabisa kwa kazi hiyo.